Mluzi wa Wimbo wa Nne

Nianze na masikio, maana hayo ndiyo yaliyoniponza. Nina masikio makubwa. Shangazi yangu, aliyenilea pale Igogo, Mwanza, alikuwa akisema yangefaa kuanikia dagaa, na wageni wakija aliyavuta moja moja kuwaonyesha upana wake. Watu walicheka, nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa nakula kwake. Nilipokua nikayapatia kazi masikio hayo hayo. Mimi ni fundi mitambo wa muziki kwenye sherehe: harusi, kipaimara, ubatizo, popote wanapotaka spika kubwa na mtu wa kuzisimamia. Nina hasira za karibu, hilo Igogo nzima wanalijua, na hakuna kinachonichefua kama muziki mbovu unaopigwa kwa sauti kubwa.

Na muziki mbovu ndio tuliolishwa miaka yote. Kwa asiyejua: wimbo wa kwenye simu umebanwa. Ili faili liwe dogo, mashine inakaa na kuamua kwa niaba yako, hiki atakisikia, hiki hatakisikia, kisha inatupa. Kinachotangulia kutupwa ni vile vitu vyembamba vya juu: pumzi ya mwimbaji, mlio wa upatu unavyoishia hewani, ncha za herufi s na sh. Halafu mtu anamtumia mwenzake, mwenzake anaubana tena, unapita kwenye kadi kumi za simu, na unapofika kwako umebaki uji. Sisi uji huo tuliunywa na kuusifia.

Kwa hiyo mwaka jana nilipopata kile kimashine kidogo cha kusomea nyimbo zisizobanwa, pamoja na hedifoni za maana zinazofunika sikio zima, hata sikio langu, nilijiona nimefika. Na nilijua nitaanza na albamu ipi. Mwanamuziki mmoja wa kwetu hapa Mwanza, aliyehamia Dar zamani, alikuwa amezirudisha kazi zake za kwanza mtandaoni katika ubora kamili, kama zilivyotoka studio. Albamu yake ile ya nyimbo kumi na moja, mapenzi matupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndiyo iliyokuwa ikipigwa kila saluni na kila kibanda cha chipsi nilipokuwa kijana. Lakini kwetu haikuwa albamu ya mapenzi. Kwetu ilikuwa albamu ya binamu yangu.

Binamu huyu ni binti wa shangazi, mtoto wake wa pekee, na amenipita miaka mitatu. Aliimba kwaya tangu hajaota meno ya pili. Mwanamuziki yule alipokuwa akirekodi, kwenye chumba kimoja juu ya kilima chetu cha mawe, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi, alitafuta wasichana wa kuitikia. Binamu akaitwa. Nakumbuka alivyotoka nyumbani na blauzi yake nyeupe ya Jumapili, na alivyorudi jioni akakuta shangazi ameshachinja kuku na majirani wameshajaa. Akaulizwa, umeimba? Akasema, nimeimba, wimbo wa nne, kwenye kiitikio. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, mimi sijapigiwa mpaka leo.

Albamu ilipotoka tuliipata kwenye kadi, na kwenye kadi hakuna anayeandika majina ya waitikiaji. Hakuna aliyeyahitaji. Tulijua. Mume wake wa Sengerema, mwenye duka la mbegu na madawa ya mifugo, alipoleta posa alisema mbele ya wazee kwamba anaoa sauti. Parokia ya huko wakampa kwaya aifundishe. Akiingia kwenye sherehe yoyote, wimbo wa nne unawekwa, anapewa maiki, anaitikia juu yake, watu wanamtuza vitenge mpaka anabaki macho tu.

Mimi je? Mimi nilikuwa nabeba spika. Katika nyumba ile palikuwa na mtoto mmoja mwenye kipaji, na mwingine wa kutumwa maji. Sisemi nilinyanyaswa. Nilipewa chakula, nikasomeshwa, nikakaguliwa madaftari. Lakini hakuna siku shangazi alisema mbele za watu, mnamwona huyu? Isipokuwa akiwa ameshika sikio langu.

Baadaye sukari ikampofusha. Ilianza jicho moja, likafuata la pili, na ndani ya miaka miwili mwanamke aliyekuwa akiruka juu ya mawe na beseni la samaki kichwani akawa wa kushikwa mkono kwenda chooni. Kilichobaki ni redio. Nilimnunulia mimi, ile ndogo yenye tundu la kadi, na nyimbo nilimjazia mimi. Kila asubuhi akishakunywa uji usio na sukari, anasema, "Niwekee mwanangu." Unaweka wimbo wa nne. Kiitikio kikikaribia anainua kidole, anangoja, kisha anakishusha: "Hapo! Umeusikia mluzi?"

Mluzi huo nao nieleze. Binamu ana mwanya mpana katikati ya meno ya mbele, na s yake haipiti bila mluzi mwembamba. Kanisani shangazi alikuwa akikaa nyuma kabisa, kwaya ina watu arobaini, na bado alimtambua mwanawe kwa mluzi huo tu. Sasa kipofu, na mwana yuko ng'ambo Sengerema anakuja mara moja kwa mwezi kwa kuvuka ziwa pale Kigongo, mluzi huo ndio uliokuwa mtoto wake siku zote zilizobaki. Nilimjibu kila mara, ndiyo shangazi, nimeusikia. Nilidhani kweli nausikia. Ukiambiwa miaka yote kuna kitu, sikio linakitengeneza lenyewe.

Basi Jumamosi moja, saa nane mchana, nilifunga madirisha, nikazima feni, nikachomoa friji ili lisingurume, nikavaa zile hedifoni.

Jamani. Sijui niseme nini mnielewe. Wimbo wa kwanza tu, nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi kabla ya kubonyeza. Wa pili, nilisikia mwimbaji anameza mate. Ngoma niliyodhani ni moja zilikuwa tatu, kila moja imekaa mahali pake. Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba na bokta tu, mtu mzima na upara wake, natabasamu na ukuta. Nilihisi nimeibiwa miaka yote ile na sasa narudishiwa mali yangu.

Ukaingia wimbo wa nne. Nikaketi. Nikafumba macho kabisa, nimpokee binamu yangu.

Waitikiaji walikuwa wawili, mmoja sikio la kushoto, mmoja la kulia, na ilinichukua mara mbili kugundua kwamba ni mwanamke mmoja aliyeimba mara mbili. Sauti nzuri, nzito kidogo. Kiitikio kina s saba. Nilizifuata moja moja. Zilikuwa safi, zimekatwa vizuri kwa meno yaliyobanana. Hakuna mluzi. Nikarudisha. Hakuna. Nikapunguza sauti, nikaongeza, nikasikiliza upande mmoja mmoja. Hakuna.

Halafu nikakisikia kitu kingine. Nusu pumzi kabla ya kiitikio cha kwanza, sikio la kushoto, mbali kidogo na maiki: hm-hm. Mtu anasafisha koo, mara mbili, ya pili juu zaidi ya ile ya kwanza. Nilikulia chumba kimoja na koo hilo. Binamu hajawahi kuimba hata wimbo wa kulaza mtoto bila kulisafisha hivyo, na shangazi alimchapa sana kwa ajili yake. Fundi mitambo mwenzangu wa studio ile nilimwelewa mara moja. Walimrekodi, hawakumtaka, wakamwingiza mwingine juu yake kuanzia neno la kwanza, na kile kipande kidogo cha mbele wakakisahau. Kwenye uji wetu wa simu kilikuwa kimetupwa pamoja na takataka nyingine.

Nilifurahi. Nasema wazi, maana kama nitadanganya hapa basi kuandika kote hakuna maana. Nilivua hedifoni nikacheka peke yangu mpaka nikashika mbavu. Malkia wa nyumba yetu, aliyevalishwa vitenge katika wilaya mbili, kazi yake yote katika albamu ile ni kukohoa. Ningeweza kumpigia simu. Ningeweza kunyamaza. Lakini Jumapili ya wiki iliyofuata binti yake alikuwa anapata kipaimara, sherehe inafanyika kwa shangazi kwa sababu shangazi hasafiri, na muziki ni wangu. Nikaikata ile hm-hm, nikaihifadhi peke yake, nikangoja siku nane kwa furaha ya mtoto anayengoja Krismasi.

Hapa lazima nitaje utani, maana bila utani nisingethubutu. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Mimi na binamu tuliitana mume na mke tangu tukiwa na kamasi, na hatujawahi kusalimiana kama watu. Akinipigia simu anaanza, "Wewe jini masikio, hujafa tu?" Namjibu, "Nangoja kukuzika, bibi kizee." Mtani anaweza kukuchukulia kuku bandani, anaweza kulala kwenye jeneza la baba yako akadai alipwe ndipo atoke. Na sheria ni moja tu: mtani hakasiriki. Akikasirika kachafua, atatozwa faini na atachekwa zaidi.

Siku ya sherehe ua ulijaa. Tuliweka turubai kati ya mawe mawili makubwa, shangazi akakalishwa mbele kwenye kiti cha kuegemea, amevaa gauni la zambarau na rozari shingoni. Baada ya chakula binamu akachukua maiki. Sauti yake ya kuongea tu ilinyamazisha watu.

"Wageni waalikwa," akasema, "mnamwona yule mwenye nyaya? Ndiye mume wangu niliyepangiwa na ukoo. Nilimkataa kwa sababu ya upepo. Akigeuza kichwa kitandani, kibatari kinazimika."

Watu walikufa kwa kicheko. Shangazi alicheka mpaka akafuta macho yale yasiyoona. Alisema, "Muacheni mwanangu, ananisaidia kuanikia dagaa," na wakacheka upya. Nami nilicheka. Ilikuwa zamu yangu kujibu, kila mtu alikuwa ananitazama, na ndani yangu kitu kilikuwa kimewiva.

Sikuchukua maiki. Nilikwenda mpaka kwenye kiti cha shangazi nikachutama. Nikamwambia kwa sauti ya wote kusikia, "Shangazi, leo nina zawadi. Miaka yote umemsikiliza mwanao kwenye redio mbovu. Leo utamsikia kama alivyotoka studio. Atakuwa ndani ya kichwa chako."

"Kweli baba?" akasema. Alikuwa hajawahi kuniita baba. Akanishika mkono.

Nikamvalisha hedifoni. Alizipapasa, akacheka, akasema mbona zimekuwa nzito kama kofia ya pikipiki. Nikabonyeza. Ua wote uligeuka kumtazama, na binamu pia alikuwa anatazama, amesimama na maiki mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na tabasamu. Alielewa kabla ya mtu yeyote. Alitikisa kichwa kidogo sana, kuniomba. Nilimwona. Nasema nilimwona.

Shangazi aliinua kidole. Wimbo ulikuwa ukimjia, uso wake ulifunguka, alikuwa anatikisa bega moja kama msichana. Kiitikio kikafika. Kidole kikabaki juu. Alingoja. Kiitikio kikapita. Akakishusha kidole taratibu akakiweka kwenye goti.

"Rudia," akasema, kwa sauti kubwa kama wanavyosema waliozibwa masikio.

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia tena. Akageuza uso kunitafuta. "Huyu ni nani?"

Hapo ndipo mtu mwema angesema mashine ina hitilafu. Ningesema hivyo tu, mama wa watu angeamini, maana alikuwa anatamani kuamini, na jioni ile ile angeirudia redio yake. Mimi nilichomoa waya wa hedifoni nikakichomeka kimashine kwenye miksa. Nikasema, "Huyo simjui, shangazi. Mwanao yuko hapa," nikakiachia kile kipande kwenye spika zote mbili.

Hm-hm.

Nikakirudia. Hm-hm. Hm-hm. Hm-hm. Nikasema kwenye maiki ya pale miksani, "Wapendwa, mliomtuza vitenge, mlimtuza kwa kikohozi hiki." Mwanzoni walishangaa. Kisha mmoja akaelewa, akapasuka, na ua ukalipuka wote. Watoto walianza kuiga. Wanakwaya waliotoka Sengerema walikuwa wanapigana mabega. Ulikuwa utani, na utani mzuri kuliko wote waliowahi kuusikia; kila mmoja aliniinulia kidole gumba. Ni mzee mmoja jirani tu aliyeweka sahani yake chini ikiwa na nyama bado, akasema, "Mzaha mzaha hutumbua usaha," akajiondokea zake.

Na binamu alicheka. Alicheka kwa mdomo wazi, mwanya wote nje, kama sheria inavyotaka. Alipiga magoti kwa mbwembwe, akasema, "Haya, mmenikamata," akaenda kugawa soda kwenye meza za nyuma. Binti yake, mwenye gauni jeupe na keki mbele yake, alikuwa anamtazama bibi. Bibi alikuwa amezivua hedifoni mwenyewe na kuziweka mapajani, na hakuna aliyekuwa anamsemesha.

Nilimkuta binamu nyuma ya nyumba, anakwangua ukoko kwenye sufuria la pilau ambalo si kazi yake kuliosha. Nilikwenda nikidhani tutaendelea kutaniana. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni.

"Nilijua siku ile ile," akasema bila kugeuka. "Waliniambia s yangu inachoma maiki. Niliimba mara tatu, wakanivua hedifoni wakamwita mwingine. Nikashuka mawe. Nimefika hapa namkuta mama na majirani, kuku yuko mezani. Ungefanyaje wewe?"

"Ningesema ukweli."

"Nilipanga niseme albamu ikitoka. Ikatoka. Mama akaisikiliza kwenye simu ya jirani, akaruka, akasema ameusikia mluzi wangu. Nikamtazama, nikaona hasingizii, anausikia kweli. Nikasema basi, kama anausikia, upo."

"Lakini haukuwepo," nikasema.

"Ulikuwepo mpaka leo saa tisa."

Akaendelea kukwangua. Mtu mkali akikwama husema upuuzi: nilimuuliza kama pilau lilibaki. Akanyoosha kijiko kunionyesha bakuli lilipo. Nikala. Huo ndio ukweli wangu, nilikaa pale kwenye jiwe nikala, naye akaosha vyombo vyote mpaka cha mwisho.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua spika. Shangazi alikuwa ameshakunywa uji. Redio ilikuwa mbele yake, imezimwa.

"Nitolee hicho kikadi," akasema.

Nikakitoa. Nikaanza kujieleza, kwamba ulikuwa utani, kwamba binamu mwenyewe amecheka. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa hewani, akaupata uso wangu, akalishika sikio langu kwa vidole viwili. Hakulivuta.

"Una masikio mazuri," akasema. "Miaka yote nilikuwa nakukosea. Katika nyumba hii ni wewe tu unayesikia."

Miaka arobaini niliingoja sifa hiyo. Ilinichoma kama chuma cha moto, na sikuweza hata kumwambia aache, kwa sababu alikuwa anasema kwa moyo mweupe. Nilikusanya nyaya zangu nikaondoka. Njia nzima nilijisemea nilichofanya ni kusema kweli tu. Nilijisemea hivyo kwa wiki kadhaa. Mtu anaweza kusema kweli akiwa na roho mbaya kuliko ya mwongo, na mimi nilikuwa nayo, na nadhani bado ninayo kidogo.

Mwisho wa mwezi binamu alikuja kama kawaida. Mimi nilikuwepo, nilikuwa naziba paa. Kila akija huwa anamwosha mama yake miguu, maana mguu wa mwenye sukari hauachwi hivi hivi, unakaguliwa kidole kwa kidole. Na akiosha huimba. Alileta beseni, akakunja kitenge, akachutama. Nikamsikia kutoka juu ya bati anasafisha koo, hm-hm, na hapo hapo akashtuka akanyamaza. Akaanza tena kwa sauti ya chini, bila kusafisha koo, wimbo wa Bikira Maria ambao shangazi mwenyewe alimfundisha.

"Osha tu," shangazi akasema. "Usiimbe."

"Mama, huu mimi ninauimba. Niko hapa."

"Najua uko hapa. Ndiyo maana nasema usiimbe. Siku hizi nikisikia kitu sijui kama kipo."

Akaosha kimya. Nilikaa juu ya bati la moto na nyundo mkononi, sithubutu kupiga msumari wala kushuka. Alikausha miguu ile, akaipaka mafuta, akaenda zake stendi, na aliponipita chini ya ngazi hakuinua macho. Nilijaribu mwenyewe kuanzisha. "Bibi kizee, unaondoka bila kuniaga?" Akaendelea kutembea. Nikajipa moyo kwamba amechoka.

Nilijaribu kurekebisha, kwa akili yangu ya fundi. Nilitengeneza kichumba nyumbani kwangu, nikabandika magodoro ukutani, nikamtumia binamu ujumbe aje nimrekodi wimbo wa nne upya, kiitikio chote, mluzi na kila kitu, ubora kamili, kisha tumpelekee mama yake. Niliandika ujumbe huo mara tano. Nikampelekea shangazi pia habari hiyo. Shangazi alisema, "Mrekodi akitaka. Mimi nitakuuliza wewe kama ni yeye, na wewe nitakuamini, si sikio langu." Redio yake sasa inatoa taarifa ya habari na matangazo ya vifo, basi. Kutoka kwa binamu sikupata jibu.

Na kwaya? Kwaya ilimwacha. Hakuna aliyemfukuza. Kila alipoinua mikono waanze, kulikuwa na mtu nyuma aliyesafisha koo, mara mbili, ya pili juu, na sauti zote zikavunjika kwa kicheko. Ulikuwa utani wa kawaida tu wa wanakwaya. Alivumilia kama miezi miwili, akarudisha funguo za kabati la vitabu.

Nilipopata habari hizo niliamua kwenda Sengerema. Siku hizi daraja lipo, huna hata muda wa kujiuliza utasema nini. Kabla ya mawazo kukaa sawa umeshavuka. Nilibeba jogoo. Kwa sheria mtani aliyepitiliza hutoa jogoo, mtani mwenzake anampokea kwa matusi, wanakula, yanaisha. Njia nzima nilikuwa nachagua tusi langu la kuingilia, zuri, lenye kunidhalilisha mimi mwenyewe, ili apate pa kunishambulia. Sikuwahi kuomba radhi kwa njia nyingine maishani, na sikuwahi kuhitaji, kwa sababu palikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyeweza kuniita jini nikajisikia nimefika nyumbani.

Nilimkuta dukani kwa mumewe, anapima dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mume alikuwa pembeni, na wateja wawili. Niliingia na jogoo wangu kwapani, nikapaza sauti, "Mke wangu, mumeo wa masikio amekuja kukuzimia kibatari!"

Wateja walicheka. Mume alitabasamu, akangoja mkewe ajibu.

Yeye aliweka chupa ya dawa juu ya kaunta, akafunga kizibo. Akazunguka kaunta mpaka mbele yangu, akajifuta mikono kwenye kitenge. Halafu, yeye aliyenitangulia kuzaliwa miaka mitatu, aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, akapiga magoti yote mawili chini kwenye vumbi la mbegu, kama binti anavyopiga kwa mkubwa wake asiyemzoea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Nilingoja acheke. Nilimtazama mdomoni, nikitafuta mwanya. Mume aliacha kutabasamu. Wateja walinitazama, kwa sababu mtu mzima alikuwa chini na salamu yake haijapokewa, na kumwacha pale ni ufedhuli hata kwa mtu kama mimi. Jogoo alikuwa anahangaika kwapani. Yeye alibaki amepiga magoti, kwa adabu zote, ananisubiri nimjibu ainuke arudi kazini.

"Marahaba," nikasema.